Fundi Asiyepita Darajani

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijifichi. Marehemu mama alikuwa akiwaambia watu kwamba hata ziwa lake nililikagua kwanza ndipo nikanyonya. Watu wakicheka, mimi nilikuwa najiuliza kwa nini wanacheka sana. Kwa hiyo ninapoanza kumweleza Fundi, ijulikane mapema kwamba anaelezwa na mtu aliyemtazama kwa jicho la pembeni miaka yote, na jicho lenyewe bado sijalirudisha mahali pake.

Kisa cha kumshuku kilikuwa wazi. Yeye ndiye aliyekuwa akilipima daraja letu na kutuambia kama liko salama, lakini mwenyewe hakulipita.

Daraja lilikuwa la kuning'inia, juu ya korongo linaloteremka kutoka msituni kwenye Mlima Meru. Upande wetu kulikuwa na migomba, kahawa na nyumba zetu. Upande wa pili ni Nkoaranga, kwenye kanisa, hospitali ya misheni na ghala la kuuzia kahawa. Tulilijenga kwa msaragambo, baragumu likilia asubuhi na kila nyumba ikitoa mtu. Waya mnene wa chuma tuliupata kwenye kiwanda cha mbao kilichokuwa kimefungwa huko juu, ambako ulikuwa ukikokota magogo. Hatukujua kama utatubeba au utatumwaga, ndipo wazee wakamwita Fundi. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Wazungu, ambako hakushika bunduki. Alishika tupa na msumeno katika karakana ya jeshi, na huko, alisema, walimfundisha namna ya kukiuliza chuma kinavutwa kwa nguvu kiasi gani.

Aliishi Nkoaranga, lakini kipimo chake alikifunga upande wetu, hatua chache kutoka shambani kwangu. Maana yake alilazimika kuvuka kila alipokuja kukisoma. Alishuka korongoni, akakunja suruali, akakanyaga yale maji ya mlimani yanayouma mpaka kwenye mifupa, kisha akapanda kwetu amelowa magoti. Juu ya kichwa chake wanawake wenye mikungu ya ndizi walipita darajani wakimwambia shikamoo kutoka angani. Yeye aliitika marahaba bila kuinua uso.

Jamani, mpishi asiyeonja chungu chake, wewe utakula? Nilimwuliza mapema kabisa kwa nini hapiti juu kama watu. Akanijibu kwamba anapenda maji. Mtu gani anapenda maji yale? Ng'ombe wenyewe huyanywa kwa kusukumwa.

Halafu kulikuwa na kile kipimo chenyewe. Alichukua pingu kubwa ya chuma iliyokuwa ikiunganisha waya na magogo kule kiwandani, pingu ya mviringo nene kama mkono, akakaa nayo kibarazani kwake akiila kwa tupa. Aliipunguza mbavu zake mbili, ubavu huu na ubavu huu, siku nyingi. Nilipoona vile niliwaambia wazee kwamba huyu bwana anatafuna daraja letu. Chuma kilikuwa kinene, salama, na yeye anakikondesha makusudi! Wazee wakaenda kumwuliza. Akawajibu kwa ile sauti yake ya kuchoshwa na watu:

"Chuma kinene hakisemi. Chembamba mno kinasema mara moja tu."

Alikuwa akitafuta unene wa katikati, ule unaokubali kupinda kidogo usioonekana kwa macho, kisha kurudi. Kwenye zile mbavu alibandika waya mwembamba kama unywele, uliokunjwa kwenda na kurudi juu ya kipande cha karatasi. Chuma kikivutwa, unywele ule unavutwa nacho, na umeme wa betri za tochi unaopita ndani yake unapita kwa shida zaidi. Kwenye kisanduku cha mbao kulikuwa na sindano iliyoonyesha hiyo shida. Pingu aliifunga kati ya waya wa daraja na mti unaoushikilia, na pembeni aliweka mnyororo mzito wa akiba, umelegea, ili pingu ikikatika mnyororo ushike. Hilo la mnyororo lilinipendeza, kwa sababu lilionyesha kwamba na yeye mwenyewe ana mashaka.

Lakini sikiliza hili. Karibu na pingu aliweka kipande kingine cha chuma kile kile, kimebandikwa unywele ule ule, kikae tu juani bila kuvutwa na chochote. Nikamwuliza huyu anafanya kazi gani. Akasema hafanyi kazi, ni mvivu, kazi yake ni kusikia jua. Chuma kikipata joto unywele hubadilika hata kama hakuna mzigo, kwa hiyo ni lazima amwulize mvivu jua limesema nini, aliondoe katika maneno ya yule anayebeba. Nilimwitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, hila zote zimo kwa huyu mvivu.

Mtu asidhani nilikuwa peke yangu. Miaka ile, mwenye kipimo alikuwa mtu wa kuogopwa. Upande wa pili wa mlima walikuja watu wenye miguu mitatu ya mbao na minyororo ya kupimia, wakapigilia vigingi, na mwisho wake wenzetu wakahamishwa kutoka kwenye ardhi yao. Tangu hapo ukimwona mtu anakodoa jicho moja tu, unaanza kuhesabu ndugu zako. Na huyu alikuwa anakodoa jicho kwenye sindano kila wiki.

Mambo yake mengine ndiyo yalizidi kuniharibu. Kanisani alisema havuti tumbaku, na kweli harufu hakuwa nayo. Lakini dukani alinunua sigara. Kumbe alizipasua, tumbaku akawapa vikongwe wa jirani wanaonusa ugoro, yeye akabaki na zile karatasi nyembamba, ndizo alizobandikia unywele wake. Nyumba yake nayo ilinuka ndizi mbivu. Utasema, mlimani kwetu ni nyumba gani hainuki ndizi? Lakini nilichungulia, hapakuwa na ndizi hata kidole. Nikajua anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa siri, na mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kulifumbia macho jambo hilo.

Siku ya soko nikamfuata mpaka Arusha mjini, yeye mbele, mimi nyuma, nikijificha kwa mbuzi wa watu. Hakuingia kilabuni. Aliingia kwa Mhindi mpiga picha, na alipotoka alikuwa na bahasha ya filamu kuukuu na kichupa. Nilibaki pale nje nikiwaza ni picha za mashamba ya nani. Nilipombana njiani alifungua kichupa akaniwekea puani, nikanusa ndizi mbivu. Ilikuwa dawa ya kuyeyushia zile filamu ziwe gundi ya kubandikia nywele zake za waya. Akafunga kichupa, akaniambia nikiwa na nafasi nimfuate tena Jumamosi, atakuwa anaenda kununua betri, asikose mwenzake wa njiani.

Alikuwa mkali, nisikudanganye. Hakuwa mmoja wa wale mafundi wapole wanaotabasamu huku wakikukatia misumari mifupi. Ukimsalimu wakati anasoma sindano alinyanyua mkono kama anayefukuza nzi. Na alikuwa na kinyongo. Alikuwa na msemo wake kwamba chuma kizuri ni kile kinachosahau: ukikipa mzigo kinapinda, ukiuondoa kinarudi pale pale, hakibaki na lolote moyoni. Kila baada ya kuining'inizia pingu yake magunia ya mawe aliyashusha yote, akatazama kama sindano imerudi nyumbani, na isiporudi aliitupa kazi akaanza upya. Lakini yeye mwenyewe alikuwa hajaongea na kaka yake tangu ugomvi wa mche wa mgomba, na mche wenyewe ulishakufa zamani. Nilimwambia siku moja kwamba chuma chake kina dini kuliko yeye. Hakucheka.

Na alijua kusema uongo. Alikuja Mzungu mmoja wa barabara, sijui wa ofisi gani, akakiona kisanduku, akachuchumaa hapo muda mrefu, akauliza ni nini. Fundi, mtu aliyetuhubiria kila siku kwamba sindano haidanganyi, akamjibu kwa Kiswahili cha jikoni: "Saa, bwana. Imeharibika." Mzungu akatazama sindano, akamtazama Fundi, akaenda zake. Wenzangu walicheka wiki nzima. Mimi usingizi ulinipungua. Mtu anayeweza kumdanganya bwana mkubwa bila jasho, sisi wenye kahawa atatushindwa?

Sasa niseme la masika.

Mke wangu, Mama Elifuraha, alikuwa na mimba ya kitinda mimba wetu. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka udongo ukawa uji. Asubuhi uchungu ulimshika, na mama wa jirani anayezalisha alimpapasa tumbo kisha akaniita nje. Akasema mtoto amelala vibaya, apelekwe hospitali sasa hivi. Tukamlaza kwenye machela, majirani wakashika miti, tukakimbia naye kwenye matope kuelekea darajani.

Darajani tukakuta jani la isale limefungwa katikati ya njia.

Kwa asiye wa huku nieleze. Isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani. Ukimkosea mtu unampelekea isale, na akilipokea ni lazima asamehe. Likifungwa njiani, njia imefungwa. Hulivuki. Kulivuka si kumdharau aliyefunga, ni kuwadharau wote waliolala chini ya migomba yetu. Hata sisi tuliobatizwa, tunaoimba tenzi kwa sauti nne, tukiliona njiani miguu inasimama yenyewe. Fundi aliyacheka mambo hayo kila siku, aliyaita ya vibibi. Leo ndiye aliyelifunga, na alikuwa amesimama nyuma yake na kisanduku kifuani, mvua ikimtiririka.

Alisema daraja limefungwa tangu alfajiri. Nikamwambia aondoe jani lake, mke wangu anakufa. Akafungua kisanduku nione. Nikaona. Miaka yote nilikuwa nimeichungulia sindano ile asipokuwapo, nilijua mahali pake pa kawaida, na siku hiyo ilikuwa chini ya hapo.

"Imeshuka," nikasema. "Waya hauvutwi sana. Daraja limepumzika. Unatufungia nini?"

"Nani ameulegeza?" akauliza. "Hakuna mtu aliyeugusa. Waya ukilegea wenyewe, Baba Elifuraha, kuna kitu kinaufuata korongoni."

Akageuza macho kwenye mti. Ule waya tulikuwa tumeufunga kwenye mringaringa mkubwa, mti mzima, umesimama wima na majani yake yote. Yeye tangu mwanzo alitaka tufukie gogo ardhini kwa mawe, tukamwambia mti huu aliukuta babu. Niliutazama. Haukuwa umeinama hata kidogo. Nikamgeukia nimwambie huyo mpenda maji aondoke njiani, mkono wangu uko kwenye panga, na nilitaka kulikata lile jani. Nasema kweli, nilitaka. Waliobeba machela walirudi nyuma. Mkono wangu nao ukakataa.

Mke wangu ndiye aliyesema, kutoka kwenye machela, kwa sauti ndogo:

"Nipitisheni popote. Ila msisimame."

Fundi akaweka kisanduku chini, akamwondoa jirani wa mbele, akashika mti wa machela yeye. Tukashuka. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya udongo, na mawe hayaonekani. Lakini yeye aliyajua yote, maana alikuwa ameyakanyaga miaka. Hapa jiwe la bapa, hapa shimo, pita kushoto, sasa simama, sasa njoo. Maji yalimfika kifuani, machela iko mabegani. Mimi nilikuwa nyuma nikiomba na kutukana kwa zamu, Mungu anisamehe. Tukatokea upande wa pili. Kabla jua halijazama mtoto alizaliwa, hai, na mama yake hai. Ndiye huyu yuko jikoni sasa ananiambia nisizidishe chumvi.

Sasa ngoja. Daraja halikuanguka.

Halikuanguka siku hiyo, halikuanguka kesho yake. Lilining'inia pale kwenye mvua zuri kabisa, na isale limefungwa mlangoni. Watu walizunguka korongoni wakilowa na kunung'unika, na mimi nikasema hadharani baada ya ibada kwamba mke wangu amepitishwa kwenye mafuriko kwa ajili ya kitu kisichoanguka. Fundi alikuwapo. Alinisikia.

Mvua ilipotulia wazee wakapiga baragumu, tukaenda na majembe kwenye mringaringa. Hatukuchimba sana. Upande wa korongo, chini ya nyasi, ardhi ilikuwa tupu. Maji yalikuwa yameibeba kwa chini, mizizi inaning'inia hewani, mti umesimama kwa mazoea tu. Tulipoulegeza waya ili tuuhamishe, mringaringa ukalala taratibu kuelekea korongoni, bila mtu kuugusa, ukaenda.

Wengine walikwenda kumshika Fundi mkono. Mimi sikwenda. Nitasema nilichowaza, kwa sababu ndivyo nilivyo: shimo la chini ya mti linaonekana kutokea korongoni, na aliyepita korongoni kila wiki ni mmoja. Sisemi alichimba. Nasema aliyepita ni mmoja. Sijui nani alimpelekea maneno hayo, lakini tangu hapo hakuniamkia wala kuniitikia. Alikuja, akasoma sindano karibu na shamba langu, akarudi majini. Kahawa ikaiva, ikachumwa, ikaiva tena. Tukafukia gogo lake na mawe yake, daraja likasimama imara, na yeye hakulipita.

Mara ya mwisho aliyokuja kwangu ilikuwa karibu na wakati bendera inabadilishwa. Nilikuwa naanika kahawa. Niliona kivuli kimesimama juu ya kitanda cha kuanikia, nikainua macho. Alikuwa amezeeka ghafla, kama watu wanavyozeeka usipowatazama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

Aliitika! Nikajua kuna jambo. Nikamtazama kuanzia juu kwenda chini, na nilipofika miguuni nikaacha kahawa. Suruali yake ilikuwa kavu. Viatu vimefungwa kamba, havina hata tope.

Nikamwuliza amepita wapi. Akasema juu.

Nilimvutia kigoda. Alikaa, kisanduku magotini. Alisema magoti yamekwisha, asubuhi alisimama mtoni na mto ukamkataa. Sindano ilikuwa haijasomwa, basi akapanda darajani akashika waya huku na huku akaja. Nikamwuliza ameonaje.

"Ni zuri," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana aibu. "Ndiyo shida yenyewe. Ni zuri. Nimefika hapa nikafungua, sindano imesogea. Kidogo sana. Nikasikia moyo unasema, ah, hiyo ni jua. Nikafunga. Baba Elifuraha, sikumwuliza mvivu."

Akafuta kisanduku kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Miaka yote sijasema ni jua bila kumwuliza yule mvivu. Leo nimesema. Kwa sababu leo nina njia moja tu ya kurudi nyumbani. Mtu akishalihitaji daraja, anataka liwe zima. Na akitaka, ataliona zima."

Akakiweka kisanduku kwenye mapaja yangu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiri. Nikamwambia ana watoto, wamesoma, awape wao. Akasema watoto wake wanamwamini. Nikamwambia mimi sijamwamini hata siku moja, wala yeye wala sindano yake, na lile shimo la mringaringa bado liko moyoni mwangu.

"Najua," akasema. "Ndiyo nimekuletea wewe."

Akakaa nami mpaka chai ikaisha, tukaenda nacho kwenye pingu, akanionyesha waya gani ni wa anayebeba na waya gani ni wa mvivu. Sindano ilikuwa imesogea kwa sababu ya jua kweli. Nilimwuliza mvivu mwenyewe, nikamwuliza tena, halafu nikaenda kukagua gogo na mawe kwa mikono yangu. Ndipo nikamwambia anaweza kwenda. Alipita darajani polepole, akishika waya, hakugeuka. Nilikodoa jicho kwenye kisanduku nikaona sindano inavyopanda kwa uzito wa yule mzee, inashuka alipokanyaga ardhi ya kwao, na nikasubiri nione kama imerudi nyumbani. Ilirudi.

Jumapili iliyofuata tuliondoka kwenda ibadani. Mama Elifuraha alitangulia darajani na kitinda mimba wetu, akageuka akanikuta nimekaa kwenye jiwe navua viatu. Akaniuliza nimeanza lini kupenda maji. Nikamwambia aende, asichelewe wimbo wa kwanza.

Yanauma, yale maji, Fundi hakusema uongo hapo, maana alisema anayapenda, hakusema hayaumi. Wanawake wenye ndizi hupita juu yangu wakiniambia shikamoo, nami naitika bila kuinua uso, kwa sababu ukiinua uso unakosa jiwe. Wakishapita nawasikia wananong'ona: mbona huyu anatuambia tupite, mwenyewe hapiti? Siwajibu. Nasikiliza tu ni sauti ya nani iliyo kali kuliko zote, maana magoti yangu nayo yameanza kulia, na huyo ndiye nitakayempelekea kisanduku.